Paka Dume Akishindwa Kukojoa: Usikimbilie Kabati la Dawa

Katika nyumba zetu nyingi mama ndiye mganga wa kwanza. Mtoto akipata homa usiku, au baba akiumwa mgongo, mama ndiye anayefungua kabati na kutafuta kidonge. Si ajabu basi kwamba hata paka akionekana anajikamua bila kutoa mkojo, mama hulifungua kabati lile lile. Mara kadhaa akina mama wamenifuata baada ya mkutano wa kikundi chetu na kuniuliza: "Sista, paka wetu anachuchumaa tu siku nzima. Tumpe nini? Hakuna kidonge cha kulegeza?"

Swali hilo lina akili ndani yake. Ni kweli kwamba zipo dawa zinazolegeza misuli ya njia ya mkojo, na madaktari wa mifugo huzitumia. Lakini njia hiyo ina misuli ya namna tatu. Dawa inayolegeza mmoja haiugusi mwingine, na zipo dawa ambazo badala ya kulegeza hukaza. Zaidi ya hayo, mara nyingi kinachomzuia paka dume asikojoe si msuli peke yake, bali ni kizibo kilichokwama mahali ambapo kidonge hakina kazi ya kufanya. Mama akilielewa jambo hili atajua kwa nini paka wa namna hiyo huhitaji daktari siku hiyo hiyo, na kwa nini kidonge cha nyumbani chaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Misuli mitatu, kazi tatu

Mimi ni muuguzi wa binadamu, si wa wanyama. Hata hivyo, mambo mengi tuliyofundishwa darasani juu ya kibofu cha mwanadamu yalijulikana kwanza kwa paka. Mwaka 1925 mpasuaji mmoja wa London aitwaye Barrington alionyesha, kwa kuchunguza paka, sehemu ya shina la ubongo inayotoa amri ya kukojoa. Mpaka leo sehemu hiyo inaitwa kwa jina lake.

Kibofu ni mfuko wa msuli. Msuli huu wa kwanza hutulia mfuko unapojaa, na wakati wa kukojoa hujikaza ili kuusukuma mkojo nje. Amri ya kujikaza huletwa na neva kwa kemikali iitwayo asetilikolini.

Msuli wa pili uko shingoni mwa kibofu na sehemu ya juu ya mrija wa mkojo. Ni msuli laini, yaani usiotii mapenzi yetu. Huu hukazwa na kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo mwili huitoa kwa wingi mnyama anapoogopa au anapokuwa na mashaka. Ndiyo maana paka mwenye hofu hubana mkojo hata kama kibofu kimejaa.

Msuli wa tatu umeuzunguka mrija sehemu ya chini, kuelekea uume. Huu ni wa jamii ya misuli ya mikono na miguu. Maumivu yakizidi, msuli huu hukakamaa kama vile mguu unavyoshikwa na mkakamao.

Ili mkojo utoke, msuli wa kwanza lazima ukaze na hiyo mingine miwili ilegee kwa wakati mmoja. Ukichanganya amri hizo, mkojo hautoki.

Kwa nini dume na si jike

Paka jike ana mrija mfupi na mpana. Akipata uvimbe wa kibofu ataumia, atakojoa damu kidogo kidogo, lakini ni nadra sana azibe. Mrija wa dume ni mrefu, na kadiri unavyoelekea mwisho ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Ndani ya uume upana wake ni kama milimita 0.7 tu. Ute kidogo uliochanganyika na chembe zinazofanana na mchanga, au kijiwe kidogo, huweza kukwama hapo.

Kibofu kinapokuwa na uvimbe, ukuta wa mrija nao huvimba na misuli hukakamaa kwa maumivu. Kwa hiyo mambo matatu huweza kukutana: kizibo, uvimbe na mkakamao. Dawa ya kulegeza hushughulika na hilo la tatu tu.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani ambao tope limekwama kwenye ncha yake. Hata ukilifungua bomba mpaka mwisho, maji hayatapita mpaka tope litolewe. Ndivyo ilivyo kwa paka aliyeziba.

Dawa gani hugusa wapi

Dawa ya kwanza ya kutajwa ni prazosini. Ilianza kama dawa ya shinikizo la damu kwa binadamu. Huizuia noradrenalini isikaze misuli laini, na hivyo mishipa ya damu hupanuka na shingo ya kibofu hulegea. Dawa nyingine ya namna hiyo ni fenoksibenzamini, ambayo huchukua siku kadhaa kabla ya kufanya kazi vizuri.

Dantrolini ni dawa ya namna nyingine kabisa. Hii hulegeza ule msuli wa tatu, wa sehemu ya chini. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima nguvu ya mbano ndani ya mrija wa paka dume waliolazwa usingizi, kwanza bila dawa na kisha baada ya dawa. Waliona kwamba prazosini ilipunguza mbano sehemu ya juu, na dantrolini ikaupunguza sehemu ya chini. Hakuna iliyofanya kazi ya mwenzake.

Sasa kumbuka kizibo hukwama wapi. Mara nyingi hukwama kule chini kabisa, ndani ya uume, mahali ambapo prazosini haina kazi kubwa. Mtu anayempa paka aliyeziba kidonge cha kulegeza shingo ya kibofu anafungua mlango wa chumbani wakati mlango wa nje bado una kufuli.

Ipo pia dawa iitwayo bethanekoli. Hii hailegezi, huongeza nguvu ya kibofu kujikaza. Paka aliyeziba kwa muda mrefu kibofu chake huvutika mno hata kikachoka, na baada ya njia kufunguliwa daktari huweza kutumia dawa hii kukisaidia. Lakini ikitolewa kabla njia haijafunguliwa, kibofu husukuma dhidi ya kizibo na chaweza kupasuka. Dawa ile ile ni msaada leo na hatari jana yake.

Hata madaktari wamebadili mawazo

Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kumpa prazosini kila paka dume baada ya kuzibuliwa, ili mrija usikaze tena. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba waliopewa prazosini waliziba tena mara chache kuliko waliopewa fenoksibenzamini, na wengi wakaona jambo limekwisha. Lakini utafiti huo ulilinganisha dawa mbili. Haukuwalinganisha na paka ambao hawakupewa dawa yoyote.

Mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya paka 388. Waliopewa prazosini walionekana kuziba tena kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Tangu hapo madaktari wengi wa mifugo wameacha kuitoa kwa mazoea tu. Hata waliosoma miaka mingi hupima tena kile walichokiamini. Sisi tusio na vipimo tuna sababu gani ya kubahatisha?

Upo utafiti mwingine unaofaa kujulikana, uliochapishwa mwaka 2010 na watu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Walichukua paka dume 15 walioziba, ambao hawakuwa na vijiwe vilivyoonekana wala hali mbaya sana ya damu. Hawakuwatia mpira. Waliwapa dawa za kutuliza maumivu na hofu, wakatoa mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo, wakawaweka mahali penye giza na utulivu. Paka 11 walikojoa wenyewe ndani ya siku tatu. Wanne waliobaki hawakufaulu: watatu mkojo ulimwagika ndani ya tumbo, na mmoja alivuja damu humo.

Tunajifunza mawili hapo. La kwanza, hofu na maumivu ni sehemu kubwa ya ugonjwa huu, na kuyatuliza kwaweza kufungua njia. La pili, jambo hilo lilifanyika hospitalini, na hata huko wanne kati ya 15 waliharibikiwa. Si kazi ya kufanyia jikoni.

Vidonge vilivyomo kabatini mwako

Hebu tupitie vile vinavyopatikana katika nyumba nyingi.

Panadol na dawa nyingine zenye parasetamoli: usimpe paka kamwe, hata kipande. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii kama letu. Huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na mnyama hushindwa kupumua. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua.

Diklofenaki na ibuprofeni: huumiza tumbo na figo. Paka aliyeziba tayari figo zake ziko hatarini, na dawa hizi huzimaliza.

Valium, yaani diazepamu: iliwahi kutumika kulegeza ule msuli wa tatu. Mwaka 1996 madaktari wa mifugo wa Marekani waliandika habari za paka 11 ambao ini lao liliharibika ghafula baada ya kupewa diazepamu kwa mdomo. Hatari hiyo haitabiriki.

Buscopan: akina mama huijua kwa kutuliza msokoto wa tumbo. Kwenye kibofu hulegeza msuli wa kwanza, ule unaosukuma, lakini kizibo hubaki mahali pake.

Dawa za mafua zenye pseudoefedrini: hizi hukaza shingo ya kibofu. Ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa, na kwa paka ni sumu.

Lasix na dawa nyingine za kuongeza mkojo: zinajaza mfuko ambao hauna pa kumwagia.

"Rangi mbili", yaani vidonge vya antibiotiki: kwa paka dume ambaye bado si mzee, ugonjwa huu ni mara chache sana kusababishwa na vijidudu. Antibiotiki haiondoi kizibo, nayo inapoteza siku ambayo mgonjwa hana.

Neno kuhusu baba na wazee

Misuli tuliyoieleza hapo juu wanaume wetu nao wanayo. Mwanamume mwenye tezi dume iliyokua hupewa na daktari tamsulosini au dawa nyingine ya jamii ya prazosini, ili shingo ya kibofu ilegee. Kwa sababu hizo hizo, dawa ya mafua yenye pseudoefedrini huweza kumfungia mkojo mzee ambaye tayari anakojoa kwa shida. Hata vidonge vya mzio kama Piriton huweza kumletea taabu, kwa kuwa hudhoofisha msuli unaosukuma. Kama kwako yuko baba au babu anayeamka mara nyingi usiku na mkojo wake unatoka kwa kukatika, uliza kituo cha afya kabla ya kumnunulia dawa ya mafua. Mwanaume akishindwa kabisa kukojoa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili za kuangalia

Paka wengi wa kwetu hujisaidia nje, kwenye mchanga au bustani, na mama hauoni mkojo wao. Kwa hiyo ni rahisi ugonjwa ukapita siku nzima bila kugunduliwa. Angalia haya:

Anachuchumaa mara kwa mara na hakuna kinachotoka, au yanatoka matone tu, pengine yenye damu.

Anajaribu kukojoa mahali asipozoea: sakafuni jikoni, ndani ya karai, juu ya nguo.

Analia anapojikamua, au analamba sana sehemu zake za siri.

Tumbo la chini ni gumu, kama kuna chungwa dogo ndani, naye hataki liguswe.

Baadaye anakataa chakula, anatapika, analegea na kujificha. Hapo sumu imeanza kujaa mwilini.

Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Kuchuchumaa ni kule kule, lakini paka dume anayejikamua mhesabu kuwa ameziba mkojo mpaka ithibitike vingine.

Muda ni mfupi. Mkojo usipotoka, figo hushindwa kusafisha damu, na potasiamu hupanda. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo hupungua na mwisho moyo husimama. Hali huweza kuwa mbaya sana ndani ya saa 24 hadi 48, na paka aliyeziba kabisa huweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Ufanye nini

Mwite au mfuate daktari wa mifugo mara moja, hata kama ni usiku au sikukuu. Kama hujui aliko, anza kwa ofisi ya mifugo ya wilaya au kata. Walio karibu na Morogoro wanacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Kenya wako Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Uganda wako Makerere.

Mweke kwenye kapu au boksi lenye matundu, tandika kitambaa, funika ili apate giza. Watoto wasimzunguke. Utulivu ni dawa halisi hapa, maana hofu huzidi kuibana njia.

Usimbonyeze tumbo ukitaka mkojo utoke. Kibofu kilichojaa hivyo ni kama puto.

Usimnyweshe maji kwa nguvu, wala dawa za mitishamba, wala kidonge chochote.

Mweleze daktari ukweli: alianza lini, alikojoa lini mara ya mwisho, na kama kuna kitu amekwisha kupewa. Hata kama ulimpa Panadol, sema. Daktari hakugombezi, anahitaji kujua aanzie wapi.

Kwa kawaida daktari atamtia dripu, atampa dawa ya usingizi na ya maumivu, kisha atapitisha mpira mwembamba na kukisukuma kizibo kwa maji maalumu. Mpira huo huweza kubaki siku moja au mbili. Hapo ndipo daktari anapoamua kama kuna dawa ya misuli inayohitajika, ipi, na kwa siku ngapi. Paka anayeziba mara kwa mara huweza kufanyiwa upasuaji wa kupanua njia.

Najua gharama si ndogo, na wengine watasema ni paka tu. Lakini paka huyo ndiye anayelinda gunia la mahindi, na watoto wamelala naye mguuni tangu alipokuwa mdogo. Kama familia haina uwezo wa matibabu, mwone daktari hata hivyo. Atakueleza lipi laweza kufanyika kwa kiasi ulicho nacho, na kama hakuna tumaini atampumzisha bila mateso. Kumwacha chini ya kitanda mpaka afe ni mateso makubwa.

Asizibe tena

Mwaka 2006 Daktari Buffington na wenzake wa Ohio waliwafuatilia paka 46 wenye ugonjwa wa kibofu usio na sababu inayojulikana. Waliwaelekeza wenye paka kubadili maisha ya mnyama nyumbani, na katika miezi kumi iliyofuata dalili zilipungua sana. Mambo yenyewe mengi hayana gharama:

Maji safi yawepo sehemu mbili tatu, mbali na chakula, yabadilishwe kila siku.

Chakula chenye majimaji ni bora kuliko kikavu. Ugali wake uloweshwe na supu ya dagaa au ya samaki isiyo na chumvi wala vitunguu. Kumbuka paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi.

Awe na mahali pake pa kujificha na pa kupanda juu, ambapo mbwa na watoto hawamfikii.

Kama anajisaidia ndani, sanduku la mchanga lisafishwe kila siku. Paka wakiwa wawili, masanduku yawe matatu.

Mabadiliko ya ghafula, kama kuhama nyumba, mgeni mpya au paka mwingine, yafanywe taratibu pale inapowezekana, na siku hizo mwangalie zaidi.

Wafundishe na watoto. Mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kuona paka anachuchumaa nyuma ya nyumba. Akija kukwambia, "Mama, paka anakojoa lakini hakuna kitu," acha unachofanya uende ukaangalie. Ukithibitisha, liache kabati limefungwa, mtie paka kapuni, mwende kwa daktari.